Wagonjwa wetu wanarudi wodini kuliko wa hospitali ya jirani, je sisi ndo wabovu?

Swali: "Shikamoo daktari. Mi ni inchaji wa wodi ya afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa, tuna vitanda 24. Mganga mfawidhi alienda kikao akarudi na habari ya kufanya benchimaki na hospitali ya mkoa wa jirani. Robo mwaka iliyopita sisi tuliruhusu wagonjwa 62, kati yao 11 wakalazwa tena ndani ya siku 28. Wenzetu waliruhusu 71 wakarudi 4 tu. Karatasi imebandikwa ubaoni na kwenye kikao cha asubuhi tukaulizwa mbele za watu huwa tunafanya nini humo wodini. Vijana wangu wamevunjika moyo, mmoja kaniambia wazi tuwe tunawaandika kama wagonjwa wapya ili namba ishuke. Naomba kujua, kulinganisha hivi ni sahihi kwa wagonjwa wa akili? Kuna kiwango cha kimataifa? Na kama lazima tupime, tupime nini?"

Marahaba inchaji, na pole kwa hicho kikao cha asubuhi. Nimesoma swali lako mara mbili maana ndani yake naona kuna maswali mawili, moja ni la takwimu na la pili ni la heshima ya kazi yenu, na bahati mbaya hiyo karatasi ya ubaoni imeyachanganya yote. Jibu fupi ni kwamba kujilinganisha ni kitu kizuri na mganga mfawidhi wako hajakosea kukitaka, ila hicho mlichobandikiwa bado hakijawa ulinganisho, ni namba mbili zimekaa jirani. Na 11 dhidi ya 4 hainiambii nani anatibu vizuri.

Nianze na huyo kijana wako kabla hajafanya kitu. Mwambie rejista isiguswe, na simwambii hivyo kwa kuogopa ukaguzi tu. Mgonjwa wa zamani akifunguliwa faili jipya historia yake yote inapotea, usiku anapokelewa na mtu wa zamu asiyemjua anachomwa sindano ileile ya kutuliza, haloperidol, iliyomkakamaza shingo na taya mwezi uliopita, maana kwenye faili jipya hakuna aliyeliandika hilo. Namba itashuka ndio, na mgonjwa ataumia. Halafu mkianza mchezo huo robo hii, robo ijayo hamtakuwa na njia ya kujua kama mnaboreka au mnaharibika, mtakuwa mmejifunga macho wenyewe.

Sasa hii benchimaki. Majirani zetu Kenya wameifanya utani kwa sababu ya safari za waheshimiwa wa kaunti wanaokwenda nje "kujifunza" na posho juu, na huku kwetu watu wengi wanaielewa kama mashindano ya nani wa kwanza nani wa mwisho. Zote mbili siyo. Kazi yenyewe ni hivi, unachagua jambo moja unalotaka kuboresha, unalipima kwa namna ileile wenzako wanavyolipima, unamtafuta anayefanya vizuri, unaenda kuangalia anafanyaje hasa (hapa ndo penye faida yote), unarudi unabadilisha kitu kimoja kwako, unapima tena. Ukiishia kwenye kubandika namba umefanya sehemu nyepesi na kuiacha yenye maana.

Tuje kwenye wanaorudi. Naomba ufikirie vizuri ni mambo gani lazima yatokee mpaka mgonjwa aingie kwenye ile 11 yenu. Kwanza hali yake ibadilike tena. Halafu ndugu waone kwamba ni ugonjwa, wasiseme ni jeuri au amerogwa. Wapate nauli. Wachague hospitali na siyo kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi. Waje hospitali yenu na siyo nyingine. Kitanda kiwepo. Na karani wa mapokezi agundue kwamba huyu ni yuleyule aliyeruhusiwa wiki tatu zilizopita, maana jina lingeweza kuandikwa Mwanaidi leo na Mwanahidi kesho. Mnyororo huu ukikatika popote, namba inashuka na kwenye ripoti inasomeka kama mafanikio. Kwa hiyo wodi inayopoteza wagonjwa wake wote baada ya kuwaruhusu, yaani wengine wamefungwa kamba nyumbani, wengine wanazurura stendi, wengine wako mahabusu, hiyo wodi kwenye karatasi itaonekana bora kuliko zote. Sisemi jirani zenu wako hivyo, siwajui, inawezekana kabisa wale 4 ni matunda ya kazi nzuri sana. Nasema tu hiyo namba peke yake haiwezi kututofautishia.

Afu kuna suala la nani anahesabiwa nini. Waulize wenzenu mgonjwa aliyetoroka wodini wanamwandikaje. Kuna sehemu akitoroka anaandikwa mtoro na akirudishwa na polisi baada ya siku tano faili linaendelea lilelile, kuna sehemu anaandikwa ameruhusiwa na akirudi anahesabika amelazwa tena. Kwa wodi zetu ambazo watoro ni wengi hilo peke yake linatosha kuibeba tofauti yote mliyonayo. Uliza pia siku 28 wanaanza kuzihesabu lini, uliza aliyekuja dharura akalala usiku mmoja wa uangalizi akaondoka asubuhi kama anaingia kwenye hesabu, uliza aliyepewa rufaa ya kwenda Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, wanamhesabu ameruhusiwa au amehamishwa, maana kama wagumu wote wanapelekwa Dodoma basi akizidiwa tena atarudi huko na siyo kwao. Vitabu vya MTUHA, yaani rejista za serikali za taarifa za afya, vina maelekezo yake lakini mimi na wewe tunajua namna vinavyojazwa saa nane usiku mtu akiwa zamu peke yake.

Na wagonjwa wenyewe hawafanani. Wodi inayopokea vijana wengi wa bangi na pombe itakuwa na wanaorudi wengi kuliko wodi yenye kina mama wa sonona, hiyo haihitaji utafiti. Mnakaa na mgonjwa siku ngapi? Kama vitanda 24 vimejaa muda wote na wengine wanalala chini, nadhani mnalazimika kuruhusu mtu akiwa ametulia tu na siyo akiwa amepona vya kutosha, wakati mwenye nafasi anaweza kumshikilia wiki mbili zaidi. Sindano ya mwezi ya fluphenazine ilikuwepo robo hiyo? Nauliza kwa makusudi kabisa, kwa sababu mgonjwa wa skizofrenia aliyeruhusiwa vizuri, akafika kliniki tarehe yake akaambiwa dawa hakuna kanunue, hela hana, akarudi nyumbani, huyo akilazwa tena inaandikwa kwenye jina la wodi yako wakati tatizo lilikuwa stoo.

Kuna jambo la ukubwa wa namba pia. Asilimia zenu ni kama 18 na zao kama 6, inatisha kweli ukiiona hivyo. Lakini kwa watu 62 tu, kiwango chenu halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 10 na 29 hivi, na chao kati ya 2 na 14. Yaani mipaka inagusana. Sitakudanganya kwamba tofauti haipo, mi kwa namba hizi naona inastahili kuchunguzwa, ila haistahili kumdhalilisha mtu kwenye kikao. Tena nenda kaangalie wale 11 ni watu wangapi. Mara nyingi unakuta kuna mmoja kalazwa mara tatu ndani ya robo hiyohiyo, kijana mmoja ambaye mama yake amechoka na baba hayupo, na huyo hahitaji sera mpya ya wodi, anahitaji mtu wa ustawi wa jamii afike nyumbani kwao. Ukichora robo nane za miaka miwili kwenye mstari mmoja utaona kama hii robo ni ajabu au ndo kawaida yenu, na kujilinganisha na nyie wenyewe wa mwaka jana kuna faida kuliko na jirani kwa sababu angalau eneo ni lilelile na mwandishi wa rejista ni yuleyule.

Kuhusu kiwango cha kimataifa, hapana, hakuna asilimia moja ya kurudi wodini iliyokubalika dunia nzima, akikwambia mtu ipo mwombe akuonyeshe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linalinganisha nchi kwa nchi kwenye atlasi yake ya afya ya akili tangu 2001, na toleo la 2020 lilionyesha wastani wa dunia ni wafanyakazi kama 13 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000, nchi maskini chini ya 2, nchi tajiri zaidi ya 60. Hiyo inamsaidia waziri kwenda kuomba bajeti. Wewe mwenye vitanda 24 itakusaidia kitu kimoja tu, kumkumbusha bosi kwamba ukichukua namba ya London ukaiweka kwenye ubao wenu umelinganisha watumishi na watumishi bila kujua.

Ila Waingereza wana somo moja ambalo ningependa mlichukue, zuri na baya lake pamoja. Tangu 2008 England ina huduma ya tiba ya mazungumzo kwa watu wenye sonona na wasiwasi, na tangu mwanzo walikubaliana mgonjwa ajaze dodoso kila kikao, siyo siku ya kwanza na ya mwisho tu. Sababu ni kwamba ukisubiri siku ya mwisho wengi hawafiki, na waligundua wale wasiofika mwisho wamepata nafuu ndogo kuliko waliofika, kwa hiyo ukipima waliobaki tu unajisifia bure. Kupima kila kikao kukawapa data karibu ya watu wote, na matokeo ya kila eneo yanawekwa wazi yeyote asome. Hilo ndo zuri. Upande wa pili, waliweka lengo kwamba nusu ya wagonjwa wapone, na kupona maana yake alama zishuke chini ya mstari, kwenye PHQ-9, yaani dodoso la sonona, ni chini ya 10. Sasa angalia, mtu aliyeanza na 24 akafika 11 amebadilika maisha, anakula, analala, lakini hajapona kwa hesabu hiyo. Aliyeanza na 10 akafika 8 akawa sawa na kwenye dodoso la wasiwasi, amepona. Ukimpa meneja lengo la namna hiyo bila kumwangalia atapenda wagonjwa wepesi, binadamu ndo tulivyo. Ikabidi baadaye waongeze sharti kwamba mabadiliko yawe makubwa ya kutosha, alama 6 na zaidi kwenye PHQ-9, ndo yahesabike.

Na kuna Afrika Kusini, ambako namba ziliua kabisa. Serikali ya mkoa wa Gauteng iliamua 2015 kuvunja mkataba na Life Esidimeni, kampuni binafsi iliyokuwa inawatunza wagonjwa wa akili, wagonjwa wa muda mrefu wakahamishwa 2016 kwenda kwa mashirika madogo ambayo mengi hayakuwa na uwezo wala leseni halali. Hoja zilikuwa nzuri ukizisikia, kupunguza gharama na kuwatoa watu kwenye taasisi warudi kwenye jamii. Idadi ya vitanda ikishuka na gharama ikishuka, kwenye jedwali hayo ni maendeleo. Walikufa watu 144, wengine kwa njaa na kiu na baridi. Hakuna aliyekuwa anahesabu kama wako hai. Nawaambia wanafunzi wangu, kila kipimo unachotaka kishuke tafuta mwenzake wa kumchunga.

Kwa hiyo mpime nini. Zamani sana, 1966, daktari Avedis Donabedian aliugawa ubora mara tatu, vitu ulivyonavyo, unavyofanya, na kinachompata mgonjwa, na mpaka leo sijaona mgawanyo bora kwa wodi ndogo. Ushauri wangu, vipimo viwe vichache, vinne au vitano, vinavyotoka kwenye vitabu ambavyo tayari mnajaza, maana mkianzisha fomu mpya baada ya miezi miwili itakuwa ya kufungia maandazi.

Cha kwanza ningeweka mawasiliano baada ya kuruhusiwa. Kati ya walioruhusiwa mwezi huu wangapi walipigiwa simu au kuonwa ndani ya siku 7. Siku chache za mwanzo baada ya kutoka wodini ndo hatari ya mtu kujiua inakuwa juu sana, ndo maana England walitoka kwenye siku 7 wakaja saa 72. Nyie anzeni na 7, na mchukue namba za simu mbili, ya mgonjwa na ya ndugu, siku anapolazwa na siyo siku anaondoka mkiwa mnagombania gari. Hiki kipimo nakipenda kwa sababu kiko mikononi mwenu, muuguzi mmoja na vocha ya simu vinakibadilisha ndani ya mwezi.

Halafu wanaorudi, endeleeni kuwahesabu, lakini mwandike pembeni yake watoro wa kliniki kama wenzetu wa CTC, kliniki za VVU, wanavyofanya, yaani waliopangiwa tarehe hawakuonekana, na nyie mnaweza kuweka mpaka wa miezi mitatu. Hivi viwili vikae kwenye karatasi moja daima. Wanaorudi wakipungua na watoro wakipungua, hapo mpongezane. Wanaorudi wakipungua na watoro wakiongezeka, kuna watu wako huko nje wanateseka na hamjui. Na siku ukiimarisha ufuatiliaji usishangae wanaorudi kuongezeka kwa miezi ya mwanzo, ni wale waliokuwa wanapotea wameanza kuletwa mapema.

Dawa, siku ngapi za mwezi mlikosa zile tano sita za msingi, hiyo mfamasia anayo. Na kufunga watu. Kila mgonjwa aliyefungwa kamba au kufungiwa chumba cha peke yake aandikwe, saa ngapi hadi saa ngapi, nani aliamua, walijaribu nini kabla. Hapa nitakuonya, mwezi wa kwanza namba itaruka juu kwa sababu zamani ilikuwa haiandikwi, na bosi asiyejua atapiga kelele, mwambie mapema. WHO wana zana yao ya QualityRights tangu 2012 ambayo inakagua mambo haya kwa jicho la haki za mgonjwa, na sehemu yake nzuri ni kwamba unawahoji wagonjwa wenyewe na ndugu zao, siyo watumishi tu. Hata bila kuichukua yote, mtu asiye wa wodi yenu akikaa na wagonjwa wachache siku ya kuruhusiwa akawauliza waliogopa nini humu ndani mtasikia mambo ambayo hakuna rejista inayoyasema.

Kwa mganga mfawidhi usiende na malalamiko. Nenda na karatasi moja, wale 11 mmoja mmoja bila majina, umri wa kukadiria, tatizo, alilala siku ngapi, alikuwa na dawa au hana, nani alimrudisha na kwa nini. Ukishaipanga hivyo naamini sababu mbili au tatu zitajitokeza zenyewe. Kisha omba vitu viwili, kikao cha inchaji wa wodi zote mbili wakubaliane maana ya kila neno, na siku moja ya wewe na msaidizi wako kwenda kukaa kwao wodini mkiangalia namna wanavyoruhusu mgonjwa, nani anaongea na ndugu, anapewa dawa za siku ngapi, anaandikiwa tarehe wapi. Ukikuta wana kitu kizuri kichukue bila aibu. Na hiyo ya ubaoni mwombe aitoe mpaka hesabu iwe sawa, kwa utaratibu tu, mkiwa wawili na siyo kwenye kikao.

Majina na picha za kurasa za rejista zisipite kwenye grupu la WhatsApp la hospitali mbili, hata kwa nia njema. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata ingekuwa haipo, mkoa wenyewe mdogo watu wanajuana.

Kuna mahali maandishi yangu hayatoshi na unahitaji mtu wa kukaa naye. Hesabu za miaka miwili mpelekee ofisa takwimu wa hospitali akuchoree, ni kazi ya mchana mmoja kwake. Tofauti ya maana kati ya hospitali na hospitali mshirikishe mratibu wa afya ya akili wa mkoa, yeye ndo ana nguvu ya kuita pande mbili. Lakini kukitokea kifo wodini, au mtu amejiua siku chache baada ya kuruhusiwa, au mgonjwa ameumia akiwa amefungwa, hilo halisubiri robo mwaka wala asilimia, toeni taarifa siku hiyohiyo, mkae wote mliokuwa zamu na daktari wenu mpitie kilichotokea, na mtu aende kuonana na familia. Na wale vijana wako, huyo aliyetaka kubadili rejista hasa, kaa naye pembeni umuulize amelala saa ngapi wiki hii na yuko zamu za usiku ngapi mfululizo, maana wodi ya vitanda 24 iliyojaa inachosha, na kama amefika mahali hajali tena au analia akifika nyumbani mtafutie wa kuongea naye nje ya wodi yenu, siyo wewe bosi wake.

Vitabu vya mwaka jana kama havionekani usikwame kuvitafuta, anzeni na mwezi huu.